Mwaka Papa Alikataa Kungojea Batakatifu

Juma iliyopita nilifungua frigo nikakuta kule nyuma kabisa, karibu na ukuta yenye inashika barafu, mufuko ya lenga-lenga yenye nilinunua ku maduka ya Matonge nikaisahau. Ilikuwa imeganda, ikayeyuka, ikaganda tena. Majani ilikuwa nyeusi, inateleza, maji inatoka. Mutoto yangu wa pili alikuwa nyuma yangu anatafuta yaourt. "Maman, inanuka, tupa." Sikutupa. Nilibaki pale na mulango ya frigo wazi, frigo yenyewe inaanza kulia, na mimi ninanusa mufuko ya mboga kama muntu mwenye akili imepotea.

Ile harufu si ya kuoza. Ni harufu ya mboga yenye iliiva bila moto. Bale benye bamesha kuona shamba yenye baridi ilipitia mu mwezi ya tano banaijua. Mimi niliinusa mara moja tu, nikiwa mutoto, mu jardin, ile kashamba nyuma ya nyumba yetu ya Jette, hapa Bruxelles, na tangu pale, ikibisha ku pua yangu, haya yangu njo inaenda kufungua mulango.

Tulikuwa tumetoka Anderlecht, mu bloc, ku etage ya juu, na lift ilikuwa inakufa kila juma. Kule Maman alikuwa anapanda majani ya persil mu ndoo ya rangi ku balcon, upepo inaichana. Alafu Papa akapata ile nyumba ya Jette, sisi chini, bantu bengine juu, na vile tulikuwa chini, jardin ilikuwa yetu. Siku ya kuhamia, Maman hakuenda kuangalia kama maji inatoka mu jikoni. Alifungua mulango ya nyuma, akachuchumaa, akashika udongo, akaifinya mu mukono, akanusa. Kisha akaniangalia.

"Hii inaweza," akasema.

Ile jardin ilikuwa nyembamba kama korido, imejaa mawe na vipande ya matofali. Papa alitafuta jembe Bruxelles nzima akakosa. Hapa bazungu banalima na kile kintu kama kijiko kikubwa ya chuma, banaisukuma na muguu. Maman alicheka siku ya kwanza, siku ya pili alikuwa amesha kujua. Mu mwezi ya tatu alitoa mawe. Mu mwezi ya ine, dirisha ya jikoni ilijaa vikopo ya yaourt, na mu kila kikopo katomati kamoja, kanainama kuelekea mwangaza, na kila asubuhi mbele ya kwenda kusafisha ma bureau, alikuwa anageuza vikopo byote ili tomati zisikomae na shingo ya upande. Alipanda vitunguu, alipanda lenga-lenga, alipanda majani ya basilic juu alipenda namna inanuka ukiigusa na robe. Pembeni yote aliweka maua ya rangi ya machungwa. Papa akamuuliza kama tutakula maua. "Tutaangalia," Maman akajibu. "Tumbo njo inakula peke yake?"

Alafu kulikuwa maharagi.

Siku yenye tuliondoka kwetu, mu Kivu, Koko, mama ya Maman, alimufungia maharagi mu kona ya kitambaa. Haikujaza hata kikombe. Haikuwa ya kula, ilikuwa ya mbegu, ile yenye inajizungusha ku muti mpaka juu, nyeupe na madoa ya zambarau, kila moja na madoa yake. Maman aliipitisha mu camp ya bakimbizi, mu avion, mu centre ya kungojea makaratasi, mu bloc. Tulipokuwa Anderlecht, simu ilikuya kutoka kwa tonton, ndugu ya Maman: Koko alikufa. Maman alisikiliza akiwa amesimama, akaweka simu chini, akaenda ku kabati, akamwanga maharagi ku meza. Akaisogeza na kidole, moja moja, kama muntu anasoma. Kisha akaifunga tena. Picha ya Koko hatukuwa nayo. Tulikuwa na ile maharagi.

Kwa ile mwaka ya Jette, Maman alisema sasa udongo iko, Koko atatoka mu kitambaa.

Upande ya pili ya ukuta alikuwa anakaa Madame Lisette, mumama muzee mubelge, mwenye alikuwa anafanya jardin na pantoufles ku miguu, nywele imefungwa mu kanyavu. Ukuta ilikuwa inamufika ku kifua, donc mimi nilimujua paka nusu ya juu tu. Mu pembe ya jardin yake kulikuwa kasanamu ka Maria, ka buluu, mvua imekula pua. Alikuwa anaongea na Maman kupitia mimi, juu mimi njo nilikuwa na kifaransa ya masomo.

Ile mwezi ya ine ilikuwa na joto kama Mungu amesahau kalenda. Batoto tulikuwa tunavua viatu. Siku moja Madame Lisette akaniita ku ukuta, akaonyesha vikopo ya tomati yenye Maman alikuwa ametoa inje.

"Ambia mama yako aache haraka, hein. Tomati, maharagi, yote yenye kuogopa, asipande inje mbele ya batakatifu ya barafu kupita."

"Batakatifu ya barafu ni banani, Madame?"

"Ni batatu. Banapita mu katikati ya mwezi ya tano, mumoja nyuma ya mwingine. Wa mwisho akisha kwenda, allez, mama yako anaweza kulala usingizi."

Sikumuuliza banapita wapi. Niliona mwenyewe: bazee batatu, ndevu imeganda, kanzu inalia kama karatasi, banaruka ukuta ya jardin moja kwenda ingine, banagusa majani na kidole. Leo nitamucheka mutoto mwenye kufikiri vile, lakini muniambie, mutoto mwenye amesha kuona bantu na bunduki banapita nyumba kwa nyumba, atafikiri batakatifu banapita namna gani?

Mangaribi, ku meza, nikatoa salamu ya Madame Lisette.

"Tungojee banani?" Papa akauliza.

"Batakatifu ya barafu. Ni batatu."

Papa akaweka kijiko chini. Zamani alikuwa mukatoliki wa nguvu, alihudumia misa tangu udogo. Kisha mu camp akaokoka, akaacha rozari, akaacha batakatifu bote, na mu kanisa yetu ya Anderlecht, mu depot yenye ilikuwa inanuka pneu ya magari bado, bakamufanya diacre, ni kusema shemasi. Ku kazi alikuwa anasukuma chariot ya nguo chafu, juma nzima anasikia "Monsieur, par ici, Monsieur, pas par là," pita hapa, usipite pale. Siku ya Mungu alikuwa anavaa costume ya kijivu na bantu banasimama kumupatia kiti ya mbele. Papa diacre. Ile jina ilikuwa inamunyoosha mugongo.

"Mimi nilitoka Roma na miguu yangu," akasema, "sasa Roma inanifuata mpaka mu maharagi."

"Si anasema tu ya kama baridi haijaisha," Maman akasema.

"Baridi ni ya nani? Ya bale batatu?"

"Ni ya Mungu."

"Bon. Donc tutamuuliza mwenyewe."

Maman akakata bugali yake taratibu. "Basi tupande nusu. Nusu ya mbegu ibaki mu kitambaa."

"Petro alipotoka mu mashua kumufuata Yesu ku maji," Papa akasema, "alitoka na muguu moja?"

Sisi batoto tukacheka. Maman mwenyewe akacheka kidogo. Alikuwa anamupenda akiongea vile, na alikuwa muntu wa kuamini, Maman yangu, kuamini kwenyewe, si ya mudomo. Siku ya samedi alichimba mistari, akasimamisha miti mirefu yenye Papa alikata ku muti ya lilas ya jardin, na akapanda maharagi ya Koko. Nusu ya kwanza akaipanda akiimba. Nusu ya pili akaipanda akinyamaza. Kitambaa akaikunguta juu ya udongo, ikaruka vumbi, akaikunja akaitia mu mufuko ya tablier, ile nguo yake ya jikoni.

Na maharagi ikatoka. Asubuhi moja udongo ilikuwa imepasuka, na mu mupasuko shingo imekunjama, kama muntu anatoka mu mulango fupi. Kesho yake zilikuwa zimesimama, kila moja imebeba ile mbegu yake ya zamani ku kichwa imepasuka mara mbili, na mu katikati majani mawili imefungana kama mikono ya kuomba. Karibu yote ilitoka, baada ya miaka yote mu kitambaa. Maman akaniita, sauti yake ilikuwa ya musichana.

"Kuya uone koko yako."

Siku ya Mungu, Papa akasimama mu kanisa kutoa ushuhuda. Ninamuona bado, mukono moja mu mufuko, ingine inaenda juu.

"Bandugu, jirani yangu aliniambia nisipande. Aliniambia ningojee batakatifu." Kanisa ikaanza kucheka. "Nikauliza, batakatifu gani? Banakaa commune gani, barabara gani? Bako na jembe?" Mamans ya chorale, bale ba kuimba, banapiga mapaja. "Nikapanda maharagi yote ya mama mukwe, sikubakisha hata moja. Na leo, bandugu, iko inje, imesimama, inasifu Bwana."

Amen ikatikisa bati. Pasteur akamushika bega. "Papa diacre, ku Pentekoste, culte ya asubuhi ikiisha, kanisa itakuya kwako. Tutabariki ile shamba ya imani." Mimi nilikuwa nimekaa mustari ya pili, miguu yangu haigusi chini vizuri, nikageuka kuangalia nyuma ili bantu bote baone mimi ni mutoto ya ule.

Katikati ya mwezi ya tano mbingu ikawa safi. Hakuna hata wingu. Mangaribi hewa ilisimama, moshi ya bantu bengine inapanda moja kwa moja kama kamba. Madame Lisette akaniita ku ukuta. Mikononi alikuwa na mashuka, mengi, imekunjwa vizuri, inanuka kabati.

"Chukua, ma petite. Mukifunika usiku, asubuhi mutatoa. Ni ya mama yangu, imezeeka, musiogope kuchafua."

Maman alikuwa amesha kusikia. Alikuya akipanguza mikono, akanyoosha mikono yote mbili juu ya ukuta, akapokea. Alisema "Merci, Madame, merci," na akaweka shavu yake juu ya mashuka, kidogo tu. Alikuwa amefungua la kwanza wakati Papa alitokea ku mulango ya jikoni, na soksi.

"Ni nini ile?"

"Mashuka. Ya kufunika."

"Rudisha."

"Papa, ni usiku moja tu," Maman akamwambia.

"Siku ya Mungu nitasimama niseme nini? Ya kama Mungu alisaidiwa na mashuka?"

"Hakuna mwenye ataona."

"Mungu ataona."

"Mungu njo alimutuma Madame na mashuka," Maman akasema. Hakupandisha sauti.

Papa aliangalia ukuta, akaangalia kanyavu ya nywele ya Madame Lisette, akaangalia kasanamu ka Maria nyuma yake. "Rudisha, nimesema."

Maman akakunja shuka tena, pembe ku pembe, kama haina haraka. Kisha akanipatia yote.

"Peleka wewe," akasema. "Mimi sina kifaransa ya hii."

Nikapeleka. Nikamwambia Madame Lisette ya kama Papa anasema asante, si lazima. Akaangalia juu ya kichwa yangu, kule Papa alikuwa.

"Ana kintu ingine ya kufunika?"

"Ndiyo, Madame."

"Nini?"

"Le bon Dieu," nikasema.

Ningependa acheke. Hakucheka. Alichukua mashuka yake, moja ikateleza, nikaiokota, akasema, "C'est bien, ma petite, rudi ndani, kunapoa." Masikio yangu ilikuwa ya moto. Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu nilisema jina ya Mungu nikasikia imekuwa ndogo.

Asubuhi niliamuka mbele ya bengine. Dirisha ya chumba yetu ilikuwa inaangalia ma jardin. Mwangaza ilikuwa bado ya maziwa. Na kule kwa Madame Lisette, mu jardin yake, bantu beupe balikuwa bamepiga magoti. Mistari mistari, bamefunikwa toka kichwa mpaka chini, kimya, bamoja barefu, bengine bafupi. Batakatifu. Na hawakuwa batatu, balikuwa kanisa nzima. Na kwetu hakukuwa hata mumoja. Nikafikiri: balipita kwetu, bakakumbuka maneno ya Papa, bakaenda kuombea kwa Madame.

Nikakimbia kumuamusha Maman. "Batakatifu balifika. Bako kwa Madame, banaomba."

Maman aliruka mu kitanda bila kuniuliza kintu. Alifungua mulango ya nyuma na miguu mitupu. Mimi nyuma yake bado ninaonyesha upande ya Madame, na tulipofika karibu nikaona ni mashuka, mashuka tu juu ya miti. Lakini Maman hakuangalia kule. Maharagi ya Koko ilikuwa imesimama vizuri, kila jani na ukingo nyeupe kama sukari. Ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Mimi nilifikiri imepona. Nikasema, "Maman, si imesimama?"

"Ngoja jua," akasema.

Jua ilipofika ku ukuta, ikashuka ku tomati, ikafika ku maharagi, mbele ya macho yetu ilianguka. Si moja moja. Yote pamoja, kama bantu benye balikuwa banashikilia pumzi. Majani ikawa nyeusi, ya maji, na ile harufu ikapanda, ya mboga yenye iliiva bila moto. Maman akachimba na vidole chini ya mumea ya kwanza, akachimba chini ya pili, anatafuta kama kuna mbegu yenye ilichelewa kuamuka. Alichimba mustari yote. Hakukuwa.

Papa akatokea na pyjama. Akaona. Kisha akashuka mu jardin, akanyoosha mikono juu ya ile majani nyeusi, akaanza kuomba kwa sauti, kama mu kanisa: fufuka, kwa jina ya Yesu, fufuka. Ku upande ya pili Madame Lisette alikuwa ametoka kutoa mashuka yake. Chini ya kila shuka kulikuwa kijani. Alitoa mbili, akasikia Papa, akaacha zingine, akarudi ndani na akafunga mulango polepole, ule mama, ili tusisikie ya kama alituona. Mimi nilikuwa kati ya ile mulango na ile maombi, na sikujua niweke macho wapi.

Maman alinawa mikono mu jikoni kwa murefu sana. Kisha akaenda ku kazi.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, mbele ya mulango ya kanisa, Pasteur akamuuliza, "Papa diacre, na ile maharagi?"

"Inapanda," Papa akasema.

Nilikuwa nimeshika mukono yake. Hakuna kintu mu mukono yake yenye ilibadilika. Na mimi, mutoto, sikufikiri ni uongo. Diacre hawezi kudanganya ku mulango ya kanisa. Nilifikiri Papa ameona kintu yenye mimi sikuona, ameiona na macho ya imani, ama tangu asubuhi muujiza imefanyika. Mu metro nzima nilikuwa ninahesabu vituo. Tulipofika sikuvua hata koti, nilipita jikoni mbio mpaka mu jardin.

Kulikuwa miti ya lilas, na chini udongo yenye Maman alikuwa amesha kusawazisha na mukono.

Nilibaki pale mpaka nikaelewa. Ninafikiri utoto yangu iliishia kati ya jikoni na ile miti. Nilipogeuka, Maman alikuwa ku mulango na koti yangu ya pili mikononi. Aliona ya kama nimeelewa. "Ingia, utashikwa na baridi," akasema tu.

Juma moja mbele ya Pentekoste, Papa alikuya na basi, mikononi carton, mu carton miche ya maharagi ya kununua ku magasin, mabichi, manono, mu vikopo ya plastiki. Aliipanda mwenyewe, na kijiko ya jikoni, mu mistari ya Koko. Ilikuwa ile fupi ya bazungu, yenye haipandi mahali popote, inakaa chini kama kuku. Juu yake miti yetu ilisimama mirefu, mikavu, inangojea. Papa hakujua tofauti, kwao balikuwa bantu ya ng'ombe. Maman alijua. Alimuangalia kupitia dirisha, anasafisha muchele, na hakumwambia.

Ku Pentekoste balikuya, Pasteur, mamans ya chorale bamevaa pagnes ya kufanana, batoto, ngoma moja. Jardin ilikuwa nzuri ile siku, siwezi kudanganya. Maua ya machungwa ilikuwa imefunguka yote, basilic imejaa, lenga-lenga ya kupanda tena inatoka nyekundu na kijani, vitunguu imesimama. Bantu banapita mu ka-njia kamoja kamoja, banashika robe. Papa alikuwa mbele na costume ya kijivu.

Maman Furaha wa chorale, mukivu kama sisi, muuzaji ya mboga Matonge, akachuchumaa ku mustari ya maharagi. Akainua jani. Akaangalia miti. Akaangalia jani tena.

"Papa diacre," akasema, "hii njo ile ya mama mukwe?"

"Njo yenyewe."

"Mbona imekaa kitako?" Bantu bakacheka. "Hii ni ile fupi ya bazungu. Ya kwetu saa hii ingekuwa imesha kunyonga miti yote, inatafuta nyumba."

Kicheko ikaisha polepole. Pasteur akamuangalia Papa. Papa akafungua mudomo, na mu ile mudomo wazi niliona kila kintu: kiti ya mbele, costume, bantu banasimama akiingia. Niliona pia ya kama anaogopa. Sikuwa nimesha kumuona anaogopa, hata njiani, hata ku mupaka.

"Ni mimi," Maman akasema.

Alikuwa nyuma, na sahani mikononi. Akaiweka chini, juu ya ukuta ndogo ya matofali.

"Maharagi ya mama yangu ilikufa. Baridi iliichoma. Nilikosa imani, nikaona haya, nikaenda kununua ingine kwa siri nikaipanda pale. Papa diacre hakujua. Muzee alikuwa ku kazi."

Ngoma ilikuwa chini ya kwapa ya muntu. Mimi niliangalia Papa. Nilimuangalia na nguvu yote ya mutoto, nikasema mu roho, sasa, Papa, sasa. Alikuwa na wakati. Ndege aliimba mu lilas, akamaliza, akaanza tena. Papa akafunga mudomo. Akainamisha kichwa, namna bwana anainama akijifunza kintu ya haya juu ya bibi yake.

Pasteur hakuwa muntu mubaya. Akasema na huruma, "Maman, imani si ya kila muntu kwa kipimo moja. Tutakuombea." Maman akapiga magoti pale mu udongo na robe yake ya Pentekoste. Mamans bakamuzunguka, bakaweka mikono ku mabega, ku mugongo, ku kitambaa ya kichwa. "Papa diacre, karibia," Pasteur akasema, "ni bibi yako, uko na imani, muongezee." Na Papa akakaribia, na mukono yake ikaingia kati ya ile mikono yote, ikakaa ku kichwa ya Maman.

Niko mukristo mpaka leo, na ninakaa mu kanisa, na batoto yangu bote banakaa mu kanisa. Papa amesha kwenda kwa Mungu, na ninamulilia. Alitubeba mugongoni tukiwa wagonjwa, hakunywa, hakupiga muntu. Uongo ya ku mulango ninaielewa, muntu anaweza kuteleza. Kunyamaza kwake mu jardin, nikikaza roho, ninaweza kuielewa pia. Ile mukono njo sijapata mahali pa kuiweka. Nimeomba juu yake miaka na miaka, na bado ikinirudilia mu basi ama mu jikoni, ninainamisha uso kama ni mimi nilifanya.

Mimi nilikuwa mufupi, nilikuwa chini ya mikono ya bantu bakubwa, donc niliona kintu yenye bao hawakuona, juu balikuwa bamefunga macho. Maman alikuwa amefungua yake. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia mbele yake, ile majani mafupi yenye hakuna koko mwenye aliituma toka mbali, na alikuwa amekaza shingo ili isiyumbe chini ya uzito ya mikono. Pasteur aliomba murefu. Bantu bote bakasema Amen, na Amen ya Papa ikakuya nyuma, peke yake.

"Amen," Maman akasema. Akasimama, akakunguta magoti. "Muingie ndani. Chakula inapoa."